Asilimia Zenu Hazikuhesabu Kicheko Chetu

Leo msimbo tuuweke kando kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na nikilimeza tena litanikaba.

Kila msururu mpya wa vichekesho vya kisayansi ukitoka, yaani vile vya vyombo vya anga, maroboti na sayari ambazo hazipo, mambo huenda vile vile. Siku ya kwanza wahakiki wa ng'ambo wanatoa hukumu. Siku ya pili mashabiki wanawatukana wahakiki. Siku ya tatu anatokea bingwa mmoja hapa kwetu, hata dakika tano za kipindi chenyewe hajaziona, anasema: "Rotten Tomatoes wamekipa asilimia 30, hakifai." Basi, mjadala umefungwa. Namba imesema.

Mimi ni mtu wa Ziwa la Ng'ombe na riziki yangu ni kuandika programu. Namba ndizo ninazoshinda nazo mchana kutwa. Kwa hivyo naomba niseme kama fundi: asilimia ile haijibu swali mnaloliuliza. Na kwetu sisi wa huku ina kasoro kubwa zaidi. Haikutuhesabu, nasi tunaisoma kana kwamba tulikuwepo.

TUANZE NA HESABU YENYEWE

Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya mtihani. Wengi wanadhani asilimia 70 maana yake kipindi kimepata 70 kwa 100. Sivyo. Mashine inachukua kila uhakiki, inauliza swali moja tu, umependa au hukupenda, kisha inahesabu waliopenda ni wangapi kati ya wote. Ikifika 60 kitu kinaitwa kibichi, ikishuka chini ya hapo kimeoza.

Sasa tazama. Wahakiki kumi wakisema kipindi ni cha wastani, kila mmoja akampa 6 kwa 10, na zote zikahesabiwa kuwa "nimependa", kipindi kinapata asilimia 100. Kipindi kingine, wahakiki saba wameanguka kwa kicheko wakatoa 10 kwa 10, watatu wamenuna wakatoa 4. Kinapata asilimia 70. Kwa namba, kile cha wastani kimemshinda kile kilichowaangusha watu saba kwenye viti! Kwa vichekesho hili ni balaa, kwa sababu kichekesho kizuri ni kile kinachogawanya watu. Utani ambao hakuna hata mmoja anayeuchukia mara nyingi hakuna anayeukumbuka pia.

Upande wa mashabiki nako si pasafi. Mwaka 2019, Captain Marvel ilipokuwa bado haijafika kwenye majumba ya sinema, watu walijazana kuichafua kabla hata ya kuiona, mpaka Rotten Tomatoes ikaondoa nafasi ya kutoa maoni kabla ya filamu kutoka. Mtu wa programu analijua hili: ukiacha fomu wazi bila kukagua anayeingia, utakachovuna ni hasira za watu.

MFANO WA THE ORVILLE

Mnaukumbuka ugomvi wa The Orville? Seth MacFarlane aliuanzisha msururu huo kwenye runinga ya Fox tarehe 10 Septemba 2017. Chombo cha anga, nahodha aliyeachana na mkewe, na mkewe ndiye msaidizi wake chomboni. Wahakiki waliukandika. Walilalamika kwamba haujui kama unataka kuchekesha au kuwa na uzito. Msimu wa kwanza ukapata karibu asilimia 30 kwa wahakiki. Mashabiki nao wakaupa zaidi ya 90. Wiki mbili baadaye, tarehe 24 Septemba, ikatoka Star Trek: Discovery, na vita vikawa vya pande mbili: huku wenye Star Trek mpya, huku wanaosema ati Star Trek ya kweli imehamia kwa MacFarlane.

Msimu wa pili, asilimia ya wahakiki ikapanda hadi 100. Jamani, kutoka 30 hadi 100! Je, kipindi kilibadilika kiasi hicho? Kilikomaa, ndiyo. Lakini tazama hesabu: walioandika kuhusu msimu wa pili walikuwa wachache mno kuliko wa kwanza. Wengi walioukandika hawakurudi. Waliobaki ni wale walioupenda, na hao ndio waliohesabiwa. Namba haikupima ubora tu, ilipima pia nani alibaki chumbani.

Hili ndilo nataka tulishike. Ukisoma kumbukumbu za seva unaona maombi yaliyofika. Mtu ambaye waya wake umekatika haonekani popote, na ukimwuliza bosi wa seva atakwambia watumiaji wote wameridhika. Asilimia za filamu ni kumbukumbu za aina hiyo. Zinaonyesha walioingia mlangoni.

JULAI 2023, NA MLANGO WENYEWE

Tuje nyumbani. Julai 2023 ilikuwa yetu. Kampuni ya katuni ya Triggerfish ya Afrika Kusini ilikuwa na mkono katika misururu miwili ya kisayansi ya Kiafrika mwezi huo huo mmoja.

Wa kwanza ulitoka Disney+ tarehe 5 Julai: Kizazi Moto, filamu fupi kumi kutoka Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nijeria, Kenya na Misri. Mkenya Ng'endo Mukii alitengeneza "Enkai". Mganda Raymond Malinga alitengeneza "Herderboy", wachunga ng'ombe wa zama zijazo. Filamu nyingine ya vijana wa Afrika Kusini imeitwa "Hatima". Jina la msururu ni Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kinachekesha kidogo: kwa sikio la Pwani, "kizazi moto" ni kizazi chenye joto, kama maji moto ya kuogea. Kwa Kiingereza wao wameandika kizazi cha moto wenyewe, moto wa kuunguza. Sawa, hatugombani kwa hilo.

Tunachogombania ni hiki. Disney+ ilipoingia Afrika mwaka 2022 ilianza na Afrika Kusini mwezi wa Mei, kisha mwezi wa Juni Misri, Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya. Kenya haikuwemo. Tanzania haikuwemo. Uganda haikuwemo. Maana yake, Julai 2023 msururu wenye jina la Kiswahili, wenye mkono wa Mkenya na Mganda, ulitoka mahali ambapo mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala hakuweza kujiandikisha hata akiwa na pesa mkononi. Wahakiki wa London na New York wakausifu. Na sisi wenye lugha tukasoma sifa hizo kama barua ya harusi ya ndugu yako uliyosahauliwa kualikwa.

Wa pili ulitoka Netflix tarehe 20 Julai: Supa Team 4, kazi ya Malenga Mulendema wa Zambia. Huu hasa ni kichekesho cha kisayansi. Wasichana wanne wa shule katika Lusaka ya siku za usoni wanaandikwa kazi ya ushujaa na mama mmoja mstaafu wa ujasusi, Mama K. Netflix ilikuwepo Kenya, kwa hivyo mlango ulikuwa wazi kwa mwenye bando. Basi soma walivyouandika. Neno lililorudiwa kuliko yote ni "wa kwanza": msururu wa kwanza wa katuni wa Kiafrika wa Netflix. Ni kweli, na ni jambo la fahari. Lakini je, unachekesha? Utani wa Mama K unafika? Kipande kipi kinalegea? Hapo uhakiki mwingi ulinyamaza. Kazi ya Mwafrika ikiwa ya kisayansi hupewa cheti cha mahudhurio. Wanaisifu kwa kuwa imekuja, kwa rangi zake, kwa funzo lake. Kumwambia mtengenezaji "hapa sikucheka" wanaona ni utovu wa adabu. Mimi naona kinyume: ni heshima. Anayekukosoa utani wako amekuchukua kuwa mchekeshaji, hajakuchukua kuwa mradi wa hisani.

Na tabia hii ya kukopa lugha bila kuwahesabu wenyewe haikuanza jana. Mwaka 1966 Star Trek ilimpa afisa wake wa mawasiliano jina la Uhura, kutokana na neno uhuru. Mwaka 1994 Disney waliomba "Hakuna Matata" iwe alama yao ya biashara Marekani, wakaandikishiwa mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu wakapiga kelele kwa sahihi. Kiswahili kimo angani tangu kabla Armstrong hajakanyaga mwezi. Mswahili ndiye bado anatafuta tiketi.

UHAKIKI WETU UKO KIBANDANI

Sasa niulizeni: kwa hivyo huku hatuna wahakiki? Tunao. Hawana safu gazetini tu.

Ingia kibanda chochote cha video huku Kisauni, kaa kwenye benchi, sikiliza. Filamu inapita kwa Kiingereza, Kichina au Kihindi, na juu yake kuna sauti ya msimuliaji. Kenya nzima inamjua DJ Afro. Tanzania walimjua Lufufu. Uganda wanao akina VJ Emmie na VJ Jingo. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliandika mwaka 2010 kuhusu sanaa hii Tanzania, akaieleza kwa mfano wa kugeuza wali kuwa pilau. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mchele ni wa mwenye duka, bizari ni ya mpishi.

Na filamu ya kisayansi ikiingia katika sufuria hiyo inatoka kichekesho, hata kama mwenyewe aliitengeneza kwa uzito. Chombo cha anga kikitua jangwani, utasikia kimetua Mtwapa na makanga anadai nauli ya kurudi. Kiongozi wa sayari anageuka mzee wa mtaa anayetaka kitu kidogo. Mashine ya kusafiri katika wakati inaharibika, na fundi anatafutiwa Kongowea.

Msidhani ni kelele tu. Msimuliaji analazimika kuijua filamu kuliko mhakiki yeyote, kwa sababu watu mia mbele yake watamzomea akiwachosha. Nimekaa kwenye mabenchi hayo miaka mingi nikagundua kitu: filamu ikilegea, msimuliaji anaongea sana. Filamu ikishika, anapunguza, na pale inapowakamata watu kabisa ananyamaza. Kimya chake ndicho nyota tano. Na kibanda kinamjibu papo hapo. Hakuna anayeweza kuandika maoni kabla ya kuona, hakuna anayepiga kura mara arubaini kwa majina ya uwongo. Niambieni ni tovuti gani ina data safi namna hiyo?

Kama mnadhani natukuza uswahilini kwa sababu ni kwetu, hebu tazameni Marekani. Tarehe 24 Novemba 1988, kwenye kituo kidogo cha KTMA huko Minneapolis, Joel Hodgson alianza msururu unaoitwa Mystery Science Theater 3000. Ni vichekesho vya kisayansi: mtu amefungiwa kwenye chombo cha anga pamoja na maroboti, analazimishwa kutazama filamu mbovu, naye na maroboti wake wanaongea juu ya filamu hiyo mwanzo hadi mwisho. Umeielewa? Ni kibanda cha video kilichorushwa angani! Wenzetu waliupa tuzo ya Peabody ya mwaka 1993. Mwaka 2015 mashabiki walichanga zaidi ya dola milioni 5.7 kwenye Kickstarter ili urudi, na ukarudi Netflix mwaka 2017. Kazi ni ile ile. Kule ni tuzo, huku ni "tabia za watu wasiosoma."

Na pale dunia iliposikia msimuliaji wa kwetu, ilicheka pia. Who Killed Captain Alex, filamu ya mwaka 2010 ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, imepata mashabiki dunia nzima kupitia nakala yenye sauti ya VJ Emmie. Nakala isiyo na sauti yake imepotea. Wanaoicheka leo huko Ulaya na Marekani wanakula pilau, na hakuna anayeulizia wali mweupe.

"LAKINI HUO NI WIZI"

Najua mtaniambia hivyo, na hoja ni ya kweli. Nakala nyingi za vibandani hazikulipiwa. Mtengenezaji katuni wa Nairobi au Kampala ambaye kazi yake inauzwa kwa flashi hapati hata shilingi, na mimi ninayeandika programu siwezi kushangilia kazi ya mwenzangu kuchukuliwa bure. Mystery Science Theater walikuwa wakilipia haki za filamu. Tofauti hiyo ni kubwa na siifichi.

Ila tuwe wakweli na upande wa pili. Mlango ukifungwa, mnunuzi hana pa kulipia. Julai 2023 mtu wa huku aliyetaka Kizazi Moto hakuwa na dirisha la kuweka pesa. Huwezi kulifunga duka, kisha ukamhesabu mteja kuwa hakutaka bidhaa, kisha ukamwita mwizi. Chagua moja.

Na njia ya halali ipo, wala si ndoto. Mwaka 2006 Michael J. Nelson, mmoja wa wale wa Mystery Science Theater, alianzisha RiffTrax. Walichouza ni sauti yao peke yake. Mteja anatafuta filamu yake mwenyewe kwa njia zake, anaibonyeza filamu na sauti kwa pamoja, kwisha. Msimuliaji anauza alichokitengeneza yeye, na mwenye filamu anabaki na chake.

Sasa tupige hesabu ya fundi. Sauti ya kuongea ya dakika 30 kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 14. Video ya dakika 30 kwa megabiti 1 kwa sekunde, picha ya kawaida kabisa, ni megabaiti 225. Yaani usimulizi wa Kiswahili wa kipindi kizima ni sehemu moja tu kati ya kumi na sita ya video yake. Faili la kuoanisha muda ni kilobaiti chache. Hakuna kikwazo cha kiufundi hapa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ataiandika programu hiyo kwa wikendi mbili, na bando ya bei ya chini inatosha kuishusha.

KINACHOTAKIWA

Kwa wenye misururu: ukiipa kazi yako jina la Kiswahili, fungua dirisha la kulipia huku siku ile ile unayofungua kwingine. Kisha mwite msimuliaji, mlipe, umpe njia yake ya sauti ndani ya kipindi, kando ya Kiingereza. Mnalipa waigizaji kutia sauti za Kifaransa na Kihispania. Kiswahili cha kibandani ni kazi ya ufundi kama hizo, na kimeshajaribiwa mbele ya watu kwa miongo.

Kwa wahakiki wetu wa Nairobi na Mombasa: acheni kutafsiri hukumu za ng'ambo. Mkiandika kuhusu msururu mpya tuambieni mambo matatu kabla ya sifa: unapatikana wapi huku na kwa shilingi ngapi, unazungumza lugha gani, na ulicheka wapi. La tatu likikosekana katika uhakiki wa kichekesho, hamjahakiki, mmetoa tangazo.

Kwa mashabiki: mtu hakuwa adui kwa kuwa hakupenda The Orville. Na wewe unayefunga mjadala kwa asilimia, siku nyingine tutakuomba ututajie utani mmoja tu wa kipindi hicho. Ukiutaja, tutakusikiliza hadi asubuhi.

Na kwa sisi tunaoandika programu, lawama iko mlangoni kwetu pia. Tunashindana kujenga programu za kuagiza chakula, ya ishirini na ya thelathini, na hakuna mwenye haraka ya kumjengea msimuliaji mahali pa kuuza sauti yake kwa shilingi kumi. Kicheko cha vibandani hakijaingia kwenye hifadhidata yoyote. Kikiendelea hivyo, miaka ishirini ijayo mtu atatafuta jinsi Waswahili walivyozipokea hadithi za kisayansi za zama hizi, atakuta asilimia za watu wa mbali, atazinakili, na hilo ndilo litakalokuwa jibu.

Mwenye hoja ya kunipinga aiandike, ila aseme kwanza alikitazama kipindi wapi na kwa lugha gani. Na kama yuko msimuliaji anayesoma hapa na anataka kujaribu hiyo njia ya sauti peke yake, anitafute. Sehemu ya kuoanisha muda nitaiandika mimi, bure.